Gombo Gani la Kuanza Nalo? Ulinganisho wa Magombo ya Picha ya Fasihi ya Kasri ya Japani

Nyuma ya noti ya yen 2,000, ambayo Japani iliitoa mwaka 2000 ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa nchi za G8 huko Okinawa, pamewekwa pamoja vipande vya magombo mawili tofauti. Kimoja ni mandhari ya usiku kutoka Genji Monogatari Emaki, gombo la karne ya 12 linalochora Hadithi ya Genji, pamoja na sehemu ya maneno yake yaliyoandikwa kwa mkono. Cha pili ni umbo dogo la mwanamke aliyezama ndani ya majoho yake, naye ni Murasaki Shikibu, mtunzi wa hadithi hiyo, kama alivyochorwa katika gombo la karne ya 13 linalofuata shajara yake. Anayeshika noti hiyo huviona vipande hivyo kama kitu kimoja, ilhali magombo yenyewe yametenganishwa na takriban miaka mia moja na yanamdai mtazamaji mambo tofauti kabisa.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kuanza kuyajua magombo ya aina hii lakini hana muda wala fedha za kuyafuata yote. Huenda anafikiria kununua kitabu kimoja cha picha, au ametenga jioni chache za kutazama nakala zilizowekwa na makumbusho kwenye intaneti, au amebahatika kupata safari ya Japani na anataka kujua ni mlango upi autangulie. Nimechagua manne: gombo la Hadithi ya Genji, gombo la Shajara ya Murasaki Shikibu, gombo la Makura no Soshi, yaani Kitabu cha Mto wa Kulalia, na gombo la Ise Monogatari, yaani Hadithi za Ise. Nimeacha kwa makusudi magombo mashuhuri ya vita, moto na miujiza, kama Ban Dainagon Ekotoba linalosimulia kuungua kwa lango la Otenmon mwaka 866, kwa kuwa hayo yametungwa ili macho yakimbie pamoja na umati, na anayeyazoea kwanza huyaona magombo ya kasri kuwa yamelala.

Sioni haja ya kuficha hukumu yangu hadi mwisho. Waandishi wengi humpeleka mgeni moja kwa moja kwenye gombo la Genji kwa sababu ndilo kongwe na ndilo maarufu kuliko yote. Naona ushauri huo unamwonea msomaji, na unalionea gombo lenyewe pia.

Mambo yanayoshirikiwa na yote

Gombo la picha, ambalo Wajapani huliita emaki, hufunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto, na maandishi yake hushuka katika safu za wima zinazofuatana kuelekea huko huko kushoto. Msomaji aliyepitia chuoni, au aliyewahi kushika utenzi wa zamani ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, hatapata shida kuzoeza macho yake mwelekeo huo. Mkono wa kushoto hufungua na wa kulia hukunja, na kinachoonekana kwa wakati mmoja ni upana wa mikono ya mtu aliyeketi sakafuni. Magombo ya kasri ni mafupi kwa kimo. Lile la Genji lina kimo cha sentimita 22 hivi, na picha zake nyingi zina upana wa sentimita 39 au 48. Ni kitu cha kutazamwa kwa karibu, na watu wawili au watatu tu.

Katika gombo la Genji lenyewe imo picha inayoonyesha namna walivyoyatumia. Katika sura iitwayo Azumaya, mwanamke kijana anayeitwa Ukifune amekaa akitazama picha zilizokunjuliwa mbele yake, huku mhudumu akimsomea maneno kwa sauti kutoka kwenye kitabu kingine, na mwenyeji wao ameketi akichanwa nywele. Macho yako kwenye picha na masikio yako kwenye hadithi kwa wakati mmoja. Namwomba msomaji aikumbuke picha hiyo, kwa sababu karibu kila anayelalamika kwamba magombo haya hayasemi chochote ni mtu aliyetazama bila kusomewa.

Mazoea mawili ya wachoraji yanahitaji kuelezwa mapema. La kwanza huitwa fukinuki yatai, ambapo paa la nyumba huondolewa ili mtazamaji aangalie ndani kutoka juu kwa mshazari, akizifuata boriti, nguzo, mapazia ya mianzi na mikeka kama anayechungulia ua wa jirani kutoka darini. La pili ni hikime kagibana, maana yake jicho la mstari na pua ya ndoano. Nyuso zote hufanana: jicho ni mstari mwembamba, pua ni kijikono kidogo, mdomo ni nukta nyekundu. Mgeni hudhani huo ni upungufu wa ufundi. Sivyo, maana katika picha bora za gombo la Genji mstari huo mmoja wa jicho umejengwa kwa mistari mingi myembamba iliyopandishwa mmoja juu ya mwingine. Mchoraji ameamua kwamba huzuni ya mhusika isikae usoni, bali ikae katika mwinamo wa boriti, pazia lililopinda na nafasi iliyoachwa tupu kati ya mtu na mtu.

Karamu mbili za siku ya hamsini

Tofauti kati ya gombo la Genji na gombo la Shajara haielezeki vizuri kwa maneno ya jumla, na kwa bahati njema yote mawili yamechora sherehe ya aina moja. Katika familia za kasri, mtoto alipotimiza siku ya hamsini alifanyiwa karamu, na alitiwa mdomoni mochi, yaani kinyunya laini cha mchele, kwa mara ya kwanza.

Katika gombo la Genji sherehe hiyo ni ya mtoto Kaoru, katika picha ya tatu ya sura ya Kashiwagi. Genji, mwana wa Kaizari na mhusika mkuu wa hadithi, ambaye hapa amefikia umri wa miaka 48, amempakata mtoto ambaye watu wote wanamhesabu kuwa wake, naye peke yake miongoni mwa wanaume waliopo anajua kwamba baba halisi ni kijana Kashiwagi. Uchungu unazidi kwa sababu Genji mwenyewe, katika ujana wake, alizaa kwa siri na mke wa baba yake, na mtoto yule alikua akawa Kaizari Reizei bila baba mtu kuweza kumkiri hadharani. Sasa deni limerudi mlangoni kwake. Mchoraji ameyasema hayo yote kwa kumbana Genji juu kabisa ya picha, kichwa kikiwa kimeinama karibu na ukingo wa karatasi, huku sakafu ikiteremka kwa mshazari mkali kana kwamba chumba kizima kinateleza. Vyombo vya karamu vimepangwa, mikono ya majoho ya wanawake inachungulia chini ya mapazia, lakini hakuna anayesherehekea. Mtu asiyeijua hadithi ataona mwanamume amebeba mtoto, atageuza ukurasa.

Katika gombo la Shajara, sherehe ni ya mwanamfalme Atsuhira, aliyezaliwa mwaka 1008. Mama yake ni Shoshi, mke wa Kaizari, na babu yake ni Fujiwara no Michinaga, mtu mwenye nguvu kuliko wote katika Japani ya wakati ule. Michinaga alikuwa amesubiri mjukuu huyu kwa miaka mingi, kwa kuwa babu wa Kaizari kwa upande wa mama ndiye aliyeshika hatamu za nchi, na kweli mtoto huyo baadaye alitawala kwa jina la Go-Ichijo. Murasaki Shikibu alikuwa mhudumu wa Shoshi na aliyaona mwenyewe. Anasimulia kwamba mtoto alipomkojolea babu yake, Michinaga alifurahi sana na kulianika joho lake kwa majivuno. Anasimulia pia jinsi usiku wa karamu ya siku ya hamsini wakuu wa serikali walivyolewa, wakavuta mapazia na kuwachokoza wanawake kwa mizaha, na jinsi Fujiwara no Kinto, bingwa wa mashairi, alivyochungulia akiuliza kama Murasaki kijana yuko hapo, akimwita kwa jina la mhusika wa hadithi yake. Siku hiyo, tarehe 1 Novemba 1008 kwa kalenda yao, ndiyo inayotajwa kama ushahidi kwamba Hadithi ya Genji ilikwisha kusomwa kasrini, na tangu mwaka 2012 Japani imeifanya tarehe 1 Novemba kuwa Siku ya Fasihi ya Kale.

Picha za gombo la Shajara zina ule mwanga wa mtu aliyekuwepo. Paa limeondolewa na nyuso ni zile zile, lakini mistari iko wazi zaidi, vyumba vina hewa, na watu wanageuka, wanainama, wanainuka, wanaitana. Mgeni asiyejua lolote kuhusu familia ya Fujiwara ataelewa papo hapo kwamba hii ni nyumba yenye furaha, kwamba yule pale ni mkubwa wao, na kwamba wanawake wale waliojikunyata nyuma ya pazia wanaogopa walevi. Gombo hili limechora kilichoonekana, na lile la Genji limechora kisichoweza kusemwa. Mengine yote ninayoyaeleza hapa yanatokana na tofauti hiyo.

Zaidi kuhusu gombo la Genji

Hadithi ya Genji ina sura 54, na inakadiriwa kuwa gombo la awali lilikuwa mfululizo mrefu wa magombo kumi au zaidi. Leo zimebaki picha 15 pamoja na maandishi yake katika Makumbusho ya Sanaa ya Tokugawa, Nagoya, na picha 4 katika Makumbusho ya Gotoh, Tokyo, zote zikiwa Hazina ya Taifa. Zamani zilinasibishwa na mchoraji mmoja wa kasri, Fujiwara no Takayoshi, lakini wataalamu wa leo huzigawa katika makundi kadhaa kwa kufuata hati na mtindo wa uchoraji, na hivyo ni kazi ya jopo la mafundi walioshindana kwa ustadi.

Mbinu yao huitwa tsukuri-e, picha ya kujengwa. Kwanza huchorwa rasimu ya wino, kisha hufunikwa kwa tabaka nzito za rangi za madini mpaka rasimu ipotee, na mwisho kabisa mistari ya nyuso na mavazi huchorwa upya juu ya rangi. Matokeo yake ni picha iliyotulia kama hewa kabla ya mvua. Ndiyo sababu mimi husema gombo hili halitazamwi haraka, na anayelitazama haraka hana la kulaumiwa nalo isipokuwa kwamba aliletwa mapema mno.

Mfano mzuri ni picha ile ya noti ya yen 2,000. Inatoka sura ya Suzumushi, usiku wa mwezi mpevu, ambapo mpiga filimbi anapiga na wanaume wawili wameelekeana kimya. Ni Genji na Reizei, baba na mwana wasioweza kuitana hivyo. Mamilioni ya watu wameishika noti hiyo, na picha yake inaonekana kuwa ya burudani ya mwezi tu hadi mtu atakaponong'onezwa hao ni nani.

Kwa upande wa hati, sidhani kuna gombo jingine kati ya haya manne linaloweza kushindana nalo. Karatasi za maneno zimenyunyiziwa vumbi na vipande vya dhahabu na fedha, na mwandishi wa hati hubadili mwendo kwa kufuata hadithi. Katika sura ya Minori, mpenzi mkuu wa Genji, Bibi Murasaki, anapokaribia kufa, mistari inaanza kusogeana, inapandana, inaporomoka mmoja juu ya mwingine mpaka maneno yanakaribia kutosomeka. Hata mtu asiyejua herufi moja ya Kijapani anaona kwamba pumzi inakatika. Picha inayofuata inamwonyesha mgonjwa ameegemea, Genji ameinama, na nje bustani ya vuli inayumbishwa na upepo, majani yake yakichukua zaidi ya theluthi moja ya picha. Kama msomaji ana nafasi ya kutazama ukurasa mmoja tu wa gombo hili, basi na uwe huo.

Kasoro yake kubwa ni umri. Rangi zimebanduka, fedha imegeuka nyeusi, na anayetarajia mng'aro wa kasri atakutana na kahawia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 picha hizi zimepigwa picha za kisayansi na wachoraji wa leo wakatengeneza nakala zinazokisia rangi za awali. Nakala hizo zinashangaza kwa wekundu na ukijani wake, na ninashauri zitazamwe pamoja na picha asilia, kamwe zisitazamwe badala yake, kwa kuwa utulivu wa mistari ya mwisho haunakiliki kirahisi.

Shajara, na upande wa pili wa kasri

Gombo la Shajara lilichorwa zaidi ya miaka 200 baada ya matukio yake, wakati ambapo madaraka ya nchi yalikwisha kuhamia kwa mashujaa wa Kamakura, mji wa watawala wa kijeshi, na familia za kasri zilikuwa zikiishi kwa kumbukumbu. Jambo hilo linaeleza furaha yake. Enzi ya Michinaga imechorwa hapa kama zama njema zilizopita, na katika picha mashuhuri zaidi ya sehemu iliyoko Osaka, Michinaga amesimama akikagua mashua mbili mpya, moja ikiwa na kichwa cha joka, zilizoundwa kwa ajili ya ziara ya Kaizari nyumbani kwake. Mtazamaji anapaswa kujua kwamba anaonyeshwa upande wa washindi. Murasaki mwenyewe hakuwa na furaha sana mle ndani. Shajara yake imejaa upweke, na anapotazama ndege wa majini wakicheza bwawani anajiona kuwa kama wao, anaonekana hana shida lakini chini kwa chini anahangaika. Upweke huo gombo halikuweza kuubeba wote, na hapo ndipo ninapoliona kuwa dogo kuliko lile la Genji.

Walioshindwa walikuwa na gombo lao pia, na sijui kwa nini hutajwa mara chache hivyo. Kabla ya Shoshi, Kaizari Ichijo alikuwa na mke aliyempenda, Teishi, ambaye mhudumu wake alikuwa Sei Shonagon, mtunzi wa Makura no Soshi. Familia ya Teishi iliporomoka mbele ya Michinaga, naye akafariki baada ya kujifungua, mwishoni mwa mwaka 1000 kwa kalenda yao. Sei Shonagon hakuandika maombolezo. Aliandika vicheko, alfajiri za majira ya machipuo, theluji, mavazi, majibu makali, mambo yanayopendeza na mambo yanayochukiza. Murasaki, katika shajara yake, anamshutumu kwa majivuno na kwa kutawanya ovyo maandishi ya Kichina, na shutuma hiyo ikisomwa kwa kukumbuka kambi mbili za kasri inapata maana nyingine.

Gombo la Makura no Soshi ni la mwanzoni mwa karne ya 14, na zimebaki picha saba. Limechorwa kwa mtindo wa hakubyo, wino mtupu juu ya karatasi nyeupe, bila rangi isipokuwa mguso mdogo wa nyekundu midomoni. Hakuna dhahabu. Mistari ni myembamba kama nywele na imenyooka kama iliyopimwa, na nywele za wanawake ni vipande vya weusi mzito vinavyoteremka katikati ya weupe, kiasi kwamba jicho huzifuata kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Ukilitandika kando ya gombo la Genji unaona njia mbili za kufikia jambo moja. Lile limefunika kila kitu kwa rangi hadi karatasi isionekane, na hili limeiacha karatasi ifanye kazi yote. Naona mtindo huu unaifaa zaidi akili ya Sei Shonagon kuliko rangi yoyote, kwa kuwa yeye naye alikuwa mtu wa kukata maneno kwa wembe.

Hakubyo ulikuwa pia mtindo ambao wanawake wa tabaka la juu waliutumia kuchora wenyewe, kwa kuwa haukuhitaji karakana wala madini ya bei kubwa. Maktaba ya Umma ya New York inayo magombo sita madogo sana ya Hadithi ya Genji, ya mwaka 1554, yaliyochorwa kwa wino namna hiyo, na utafiti unayahusisha na Gyokuei, mwanamke wa ukoo wa Konoe. Kwa msomaji anayevutiwa na swali la nani alishika kalamu, magombo hayo yana thamani ya pekee, hata kama ufundi wake ni wa kawaida.

Ise kwa ufupi

Hadithi za Ise ni vipande 125 vifupi vilivyojengwa juu ya mashairi ya waka, kila shairi likiwa na mizani 31, na vingi vinahusishwa na mshairi Ariwara no Narihira wa karne ya 9. Gombo linalojulikana zaidi, la zama za Kamakura, liko katika Makumbusho ya Kuboso, mji wa Izumi. Linapendeza kwa mandhari ya nje, ambayo magombo mengine hapa yanayo kidogo. Hata hivyo sioni kama ndilo la kuanza nalo. Uzuri wa Ise uko katika shairi lenyewe, na wasanii wa baadaye waliuchora vizuri zaidi nje ya gombo, hasa Ogata Korin, ambaye alichukua safari ya madaraja manane na maua ya ayirisi, akawafuta watu wote na kubakiza maua tu kwenye skrini za dhahabu zilizoko Makumbusho ya Nezu, Tokyo. Anayeipenda Ise aanzie hapo.

Kuyaona

Karatasi na rangi hizi haziwezi kuvumilia mwanga, kwa hiyo hakuna gombo kati ya haya linaloonyeshwa mwaka mzima. Makumbusho ya Gotoh kwa desturi hutoa picha zake za Genji kwa siku chache tu katika majira ya machipuo, na sehemu yake ya Shajara wakati wa vuli. Tokugawa huonyesha sehemu ndogo ndogo, mara nyingi wakati wa vuli. Makumbusho ya Fujita ya Osaka, yenye sehemu ya Shajara yenye mashua za joka, yalifunguliwa upya mwaka 2022 baada ya jengo kujengwa upya, na sehemu nyingine ya Shajara iko katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Gombo la Makura no Soshi liko mikononi mwa mtu binafsi na huonekana kwa nadra, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa kuwa ndilo ambalo wengi wangelipenda.

Msomaji atashangaa kwa nini gombo moja liko katika majengo matatu au manne. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, wakusanyaji wa Japani walikuwa na mazoea ya kukata magombo ili kila mmoja apate kipande cha kutundika ukutani katika hafla ya chai. Tukio linalokumbukwa kwa uchungu ni la mwaka 1919, ambapo gombo la washairi thelathini na sita lililokuwa la familia ya Satake lilikatwa vipande 37 na kugawanywa kwa kura kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyeweza kumudu bei yake. Sehemu moja ya Shajara nayo ilikatwa katika miaka ya 1930. Picha za Genji za Tokugawa zilitenganishwa mwaka 1932 kwa nia tofauti, ili zihifadhiwe zikiwa zimetandazwa na rangi zisiendelee kubanduka kwa kukunjwa. Baada ya ukarabati wa miaka kadhaa zimerudishwa katika umbo la gombo, na mwaka 2021 zote 15 zilionyeshwa hivyo. Huu ndio ukarabati ninaoupongeza kuliko wote, kwa sababu gombo lililokunjuliwa na kupigiliwa ubaoni ni kama utenzi uliochapishwa beti moja moja kwenye kadi.

Nani achague lipi

Kama hujasoma chochote kutoka kasri ya Kijapani, anza na Shajara. Ni fupi kama maandishi, inasomeka kwa jioni mbili au tatu katika tafsiri, watu wake waliishi kweli, na picha zake zinaeleweka hata kabla ya kusoma. Itakufundisha vyumba, mapazia, ngazi za vyeo na mavazi, na mambo hayo yote utayahitaji baadaye. Sehemu ya Makumbusho ya Taifa ya Tokyo inapatikana pia kwenye hifadhi za picha za makumbusho za taifa za Japani kwenye intaneti.

Kama wewe ni mtu wa kuchora, au mwanafunzi wa sanaa anayefikiria jinsi mstari unavyofanya kazi, usipite kwa Shajara wala kwa Genji. Nenda Makura no Soshi, tafuta nakala iliyochapishwa kwa ukubwa wake halisi, na uitazame kwa kioo cha kukuzia. Kwa jambo la mstari sioni mwalimu aliye bora kati ya manne haya.

Kama umekwisha kuisoma Hadithi ya Genji, au angalau sura za Kashiwagi, Suzumushi na Minori, basi gombo la Genji linakungoja na hakuna sababu ya kuchelewa. Kama hujaisoma lakini umevutiwa nalo, soma sura hizo tatu kwanza, hata kama itabidi uruke zile za awali na kutegemea muhtasari. Wale wanaotaka kuona hadithi nzima ya Genji bila mapengo watalazimika kuondoka kwenye gombo na kwenda kwenye albamu ya Tosa Mitsunobu ya mwaka 1510 hivi, iliyoko katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, yenye picha 54 kwa sura 54. Inafaa sana kama ramani ya hadithi. Lakini haina ule mkunjuo wa polepole, ambapo maneno hutangulia na picha husubiri upande wa kushoto.

Na ukifika kwenye Minori, fanya kama walivyofanya kwa Ukifune. Mwombe mtu akusomee kwa sauti, katika Kiswahili ulichotafsiri mwenyewe kama hakuna kingine, wewe ukitazama hati inavyoporomoka, na usiisogelee picha inayofuata hadi msomaji wako afike pale ambapo umande unadondoka kutoka kwenye majani ya bustani.